Kirungu na Mpala: miji yetu ya sala pembeni ya ziwa

Siku moja darasani, niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa tano swali ambalo niliona ni jepesi: "Padri mweusi wa kwanza wa Kongo, katika nyakati hizi zetu, alitoka wapi?" Mmoja akajibu Kinshasa. Mwingine akasema Boma, kwa sababu alisoma kwamba Boma ilikuwa mji mkuu zamani. Wa tatu, akicheka, akasema Roma. Hakuna hata mmoja aliyesema: alitoka kwetu, katika milima ya Marungu, na alipewa upadri Kirungu, fasi ambayo mtu wa Kalemie anaweza kufika kwa mashua. Nilitoka darasani nikiwa na haya. Haya hiyo haikuwa yao. Ilikuwa yangu na ya wenzangu tunaofundisha.

Ndiyo sababu ya makala hii. Nataka kusimulia historia ya Mpala na ya Kirungu, ile ambayo Wabeleji waliita Baudouinville, na ambayo leo tunaitaja pamoja na Moba. Tena nataka kueleza kwa nini mtu mwenye masomo, awe Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu ao mtu wa mila ya wazee, anapaswa kuijua.

1. Mfano kutoka mbali: mji wa Nara

Tuanze mbali kidogo, maana wakati mwingine mtu anaiona nyumba yake vizuri akiwa amesimama kwa jirani. Katika nchi ya Japani kuna mji unaoitwa Nara. Ulikuwa mji mkuu wa nchi ile tokea mwaka wa 710 mpaka 784. Humo mfalme alijengesha hekalu kubwa sana, Todai-ji, na ndani yake wakaweka sanamu ya Buddha ya shaba nyeusi yenye urefu wa karibu meta 15. Sikukuu ya kuizindua ilifanyika mwaka wa 752. Hekalu lile liliungua mara mbili katika vita, mwaka wa 1180 na mwaka wa 1567. Kila mara wakalijenga tena, na jumba linaloonekana leo lilimalizika mwaka wa 1709. Pembeni yake swala wanatembea kati ya watu bila woga, kwa sababu tokea zamani wanahesabiwa kuwa wanyama wa miungu.

Kuna mambo matatu ya Nara ambayo yamenifundisha. La kwanza: dini ile haikuzaliwa Japani. Ilivuka bahari kutoka Korea katika karne ya 6, ikiletwa na wageni, na leo hakuna Mjapani anayesema kwamba mahekalu yale si yake. La pili: mfalme aliposhika safari na kupeleka mji mkuu fasi nyingine, Nara ilibaki nyuma, lakini haikufa. Ilibaki mji wa sala na wa kumbukumbu. La tatu: hata wao walikaribia kupoteza kila kitu. Katika karne ya 19, wakati serikali yao ilipotaka kila kitu kipya, mahekalu mengi yaliachwa ao kubomolewa. Inasimuliwa kwamba mnara mmoja wa Nara wenye orofa tano ulitaka kuuzwa kwa bei ndogo ili uchomwe, na mnunuzi achukue chuma chake. Kisha mwaka wa 1897 wakatunga sheria ya kulinda mahekalu ya zamani. Na mwaka wa 1998 Unesco ikaiandika Nara katika orodha ya mali ya dunia nzima.

Sasa turudi kwetu. Sisemi kwamba Kirungu ni sawasawa na Nara kwa umri ao kwa ukubwa. Nara ina miaka elfu moja na mia tatu, Kirungu ina miaka mia moja na zaidi kidogo. Lakini maswali ni yale yale.

2. Mpala: mwanzo wenye sala na damu

Kabla ya misioni, pwani hii na milima ya Marungu ilikuwa nchi ya Watabwa na majirani zao. Walikuwa na masultani wao, wavuvi wao, wafua chuma wao, na sanamu za mababu walizochonga kwa mti kwa ufundi ambao leo unasifiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Katika karne ya 19 nchi ilikuwa na taabu kubwa: biashara ya pembe na ya watumwa ilikuwa inavuka ziwa kwenda Ujiji na kufika mpaka bahari. Masultani wengine walikimbia. Wengine walishika bunduki na kuingia wenyewe katika biashara ile.

Mwaka wa 1883 afisa Mbeleji Émile Storms, aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Léopold wa Pili, alivuka ziwa kutoka Karema, upande wa Tanzania ya leo, akafika kwa sultani Mpala, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Akafanya naye urafiki wa kuchanjiana damu, akajenga ngome. Jina la sultani likabaki jina la fasi.

Milimani kulikuwa sultani mwingine mwenye nguvu, Lusinga. Mwingereza Joseph Thomson alikuwa amepita kwake mwaka wa 1879. Lusinga alikuwa na bunduki, alikuwa anashika watu na kuwauza, na hakutaka kuwa chini ya Storms. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walipanda mlimani, wakamwua Lusinga, wakamkata kichwa na kukileta Mpala. Kijiji chake kikachomwa. Storms aliporudi Ulaya alichukua fuvu la Lusinga, na mafuvu ya wakubwa wengine, pamoja na sanamu ya mti ya mababu wa Lusinga. Sanamu ile iko katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, na watu wanalipa kuiona. Mafuvu yaliwekwa katika makabati ya makumbusho, na baadaye yakahamishiwa katika Taasisi ya Elimu ya Viumbe ya Brussels. Jambo hili lilinyamaziwa kwa miaka mingi sana. Ni mwaka wa 2018 tu mwandishi wa habari Mbeleji, Michel Bouffioux, alipoandika na kuuliza: fuvu hili linafanya nini hapa? Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa imesimama katika uwanja mmoja wa Brussels iliondolewa.

Ninasimulia hayo sababu hatuwezi kusifu kanisa na kunyamaza juu ya kichwa. Lusinga hakuwa mtakatifu. Wazazi wa watoto aliowauza walilia. Lakini ubaya wa mtu hauondoi haki ya maiti yake kuzikwa na watu wake. Wazee wetu walijua hivyo, na hata adui walimzika.

Mwaka wa 1885 mfalme Léopold, aliyekuwa sasa anaangalia zaidi upande wa mto Kongo, aliacha Mpala na Karema mikononi mwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na kardinali Lavigerie kule Algiers mwaka wa 1868. Basi fasi ile ya ngome ya askari ikawa fasi ya misioni. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuona ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Kwa kulinda watu waliokimbilia misioni, alikuja Mfaransa mmoja, kapiteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alifika Mpala mwaka wa 1887. Huyu hakurudi kwao. Mwaka wa 1888 alioa mwanamke wa huku, Agnes Atakao, akazaa watoto, akafundisha askari, akapigana na wauza-watumwa, akazeeka kati ya watu wetu, na akafa mwaka wa 1927 katika nchi ya Moba. Mpaka leo jina la Joubert linajulikana pwani, na si kwa Wazungu tu.

3. Kirungu: mji uliojengwa kwa tofali na kwa bega

Mwaka wa 1893 padri Victor Roelens, Mbeleji aliyezaliwa mwaka wa 1858, alianzisha misioni mpya kusini ya Mpala, juu ya kilima chenye hewa nzuri kinachoangalia ziwa: Kirungu. Aliipa jina la Baudouinville, kwa kumkumbuka mtoto wa ndugu ya mfalme, aliyekufa mwaka wa 1891. Roelens akawa askofu mwaka wa 1896, na akaongoza mpaka mwaka wa 1941. Alikufa palepale Baudouinville mwaka wa 1947. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: ni zaidi ya miaka hamsini ya mtu mmoja katika kilima kimoja.

Katika miaka hiyo Kirungu ikawa mji wa namna yake. Kulikuwa kanisa kubwa la askofu, nyumba ya mapadri, nyumba ya Masista Weupe, masomo ya wavulana na ya wasichana, seminari, karakana za maseremala na za waashi, tanuru za matofali na vigae, mashamba ya ngano na ya mboga, maana hewa ya Marungu ni baridi na inakubali mimea ya Ulaya. Kengele ndiyo iliyokuwa saa ya mji. Serikali ya kikoloni ilikuwa mbali. Padri ndiye aliyeamua mashauri, aliyegawa mashamba, aliyeruhusu ao kukataza ngoma.

Hapo tuseme ukweli wote. Watu wengi walipata pale ulinzi, dawa na masomo. Lakini kuliamriwa pia kuacha vitu vingi. Sanamu za mababu zilichomwa ao kuchukuliwa, ngoma za pepo zilikatazwa, mtu aliyekuwa na wake wawili alipaswa kuchagua. Na kanisa halikujengwa na malaika. Nani alikanyaga udongo? Nani alipasua kuni za tanuru? Nani alipandisha matofali kilimani, kichwani na begani? Babu zetu na bibi zetu. Kule Nara pia ndivyo ilivyokuwa: majina ya wafalme yameandikwa, lakini mbao na shaba zilibebwa na wakulima. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, ile ni kazi ya Wazungu," ninamjibu: plani ni ya Wazungu, jasho ni letu. Na mwenye jasho ana haki juu ya ukuta.

4. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu

Tunda kubwa la Kirungu halikuwa jengo. Lilikuwa mtu. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadri walianza seminari ndogo Mpala, ambayo baadaye ilihamia Lusaka, ile ya kwetu katika nchi ya Moba, si mji mkuu wa Zambia. Kati ya wanafunzi wa kwanza alikuwa kijana Mtabwa, Stefano Kaoze. Alisoma Kilatini, Kifaransa, filosofia na teolojia wakati ambapo Wazungu wengi waliamini kwamba mtu mweusi hawezi hata kujifunza hesabu ya kugawanya.

Mwaka wa 1910 na 1911, kabla hajawa padri, maandiko yake juu ya akili na desturi za Wabantu yalitolewa Ubeleji, katika gazeti la elimu lililoitwa La Revue congolaise. Wenye kuchunguza vitabu vya nchi yetu wanahesabu maandiko yale kuwa kati ya ya kwanza kabisa kuandikwa kwa Kifaransa na Mkongo na kutolewa. Basi, wale wanaosema kwamba vitabu vya Kongo vilianza Kinshasa baada ya vita ya 1940, waambieni: vilianza pembeni ya ziwa Tanganyika.

Tarehe 21 Julai 1917, askofu Roelens alimpa Kaoze upadri palepale Baudouinville. Zamani sana, katika ufalme wa Kongo, kulikuwa Henrique, mwana wa mfalme Afonso, ambaye alipata hata uaskofu katika mwaka wa 1518. Lakini mlango ule ulikuwa umefungwa kwa karne nyingi, na aliyeufungua tena ni Kaoze. Baadaye alisafiri Ulaya pamoja na askofu wake, akafanya kazi ya misioni mpaka upande wa Nyunzu, akawekwa katika tume iliyopaswa kulinda haki za wenyeji, na akafa mwaka wa 1951 hapa hapa mjini kwetu, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Albertville.

Ndilo jibu la swali langu la darasani.

5. Kwa nini Kirungu ilibaki nyuma

Wasomaji vijana watauliza: kama Kirungu ilikuwa kubwa vile, kwa nini leo mji mkuu wa jimbo ni Kalemie? Sababu ni reli na bandari. Mwaka wa 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Albertville. Tokea siku hiyo mali ya Katanga na ya mto ilishuka kwetu ili kuvuka ziwa kwenda Kigoma na Dar es Salaam. Kazi, maduka na ofisi vikafuata reli. Baudouinville, ambayo haina reli, ikabaki na kengele zake. Hata kanisa lenyewe lilikubali mambo haya, maana leo jimbo la askofu linaitwa Kalemie-Kirungu, na Kalemie inatangulia. Mwaka wa 2015, Tanganyika ilipokuwa jimbo la serikali peke yake, Kalemie ilithibitishwa kuwa makao makuu. Mambo yalikwenda sawa vile yalivyokwenda Nara: mji mkuu ulihama, sala ikabaki.

Kisha zilikuja taabu nyingine: fujo za miaka ya 1960, vita ya 1998 mpaka 2003, barabara zilizoharibika. Mtu anayetoka Kalemie kwenda Moba anajua: barabara ya mvua inaweza kuchukua siku nyingi, na watu wengi wanapenda ziwa, hata kama ziwa nalo lina hasira zake.

6. Mgeni ataona nini?

Akifika kwa maji, ataona kwanza milima ikitelemka moja kwa moja ndani ya ziwa. Ziwa hili lina kina cha meta karibu 1,470, la pili duniani kwa kina, na samaki wengi wanaoishi ndani hawapatikani fasi nyingine yoyote. Mpala ataona mahali ambapo historia yote ya pwani ilianza: sultani, ngome, misioni, seminari, vyote juu ya udongo mmoja. Kutoka bandari ya Moba atapanda kilima mpaka Kirungu, na mbele ya kanisa atageuka kuangalia maji chini. Hapo ataelewa kwa nini Roelens hakutaka kuondoka. Akiendelea juu zaidi atafika katika Marungu yenyewe, kwenye majani mafupi na baridi ya asubuhi, nchi ya Lusinga na ya Kaoze. Jioni atakula bukari na ndagala kwa watu wanaojua kupokea mgeni.

Hayo yote yapo. Hakuna aliyetuzuia kuyaona.

7. Tufanye nini?

Nimeona katika vijiji mbalimbali vya pwani matofali ya nyumba za zamani yakitolewa moja moja ili kujenga jiko ao choo. Sitamhukumu mtu mwenye shida. Lakini tofali likitoka halirudi. Na mbaya kuliko tofali ni mzee anayekufa na habari zake. Tena katika miaka hii ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuingia katika nyumba nyingi za pwani, Kalemie pamoja na fasi nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Tutafanya kesho."

Ninapendekeza mambo matatu ambayo hayaombi feza nyingi.

La kwanza, kila shule ya sekondari ipeleke wanafunzi wawili wawili kwa wazee, na daftari, waandike: majina ya masultani, majina ya waashi, nyimbo za kazi, nani alizikwa wapi. Waandike Kiswahili kama mzee alivyosema, na Kitabwa kama mzee alisema Kitabwa.

La pili, somo la historia lianze na hapa. Mtoto wa Kalemie ajue Kaoze kabla ya kujua Napoléon. Wote wawili wamo katika historia, lakini mmoja alitembea katika avenue zetu.

La tatu, tuseme kwa sauti moja, wenye kusali na wenye mila, juu ya kichwa cha Lusinga. Kule Ubeleji wameanza kuuliza maswali tokea miaka michache. Swali letu liko wapi? Wakituuliza kesho, "Mnataka arudishwe wapi, nani atampokea, kwa desturi gani?", tutakuwa na jibu? Watu wa Nara walipoulizwa maana ya mahekalu yao, walikuwa na jibu, kwa sababu walikuwa wameandika.

Katika mwezi uliofuata niliuliza swali lile lile tena darasani. Mikono mingi ilipanda. Kisha msichana mmoja akasimama, akasema: "Mwalimu, bibi yangu anasema baba yake alibeba matofali ya Kirungu. Lakini jina lake haliko katika kitabu." Nikamwambia: "Ni kweli. Chukua daftari. Utaliandika wewe."